Mwito na Mkesha: Historia ya Kuamsha Chombo kwa Mbali, kutoka Waya wa Pwani ya Lindi hadi Kompyuta Mpakato Isiyotumia Waya

Kompyuta mpakato iliyofunikwa na kuachwa juu ya meza ya ofisi huko Nyangamara, kata ya Halmashauri ya Mtama mkoani Lindi, haijazimika. Imelala. Kichakataji chake kimesimama na kioo kimekuwa cheusi, lakini kumbukumbu yake ingali hai kwa umeme mdogo wa betri, na kazi iliyokuwa ikifanyika itaendelea pale ilipoachwa mara kifuniko kitakapoinuliwa. Tangu miaka ya 1990 wahandisi wamejua namna ya kuiamsha mashine ya aina hiyo bila kuigusa, kwa ujumbe mfupi unaopita katika mtandao, na tangu 2009 namna hiyo imeingizwa pia katika kompyuta za kawaida zinazotumia mtandao usio na waya. Hata hivyo, afisa wa tehama aliyeko Lindi mjini au Dar es Salaam, akitaka kuiamsha kompyuta ya Nyangamara usiku ili aiwekee programu mpya, kwa kawaida atashindwa.

Sababu ya kushindwa huko haimo ndani ya kompyuta pekee. Insha hii inaitafuta katika historia ndefu ya mwito wa mbali, na inashikilia hoja moja: hakuna chombo kinachoamshwa kwa mbali pasipo kitu kingine, kilichomo ndani yake au kilicho jirani yake, kukesha. Kila uvumbuzi uliosifiwa kwamba umeondoa mkesha uliuhamisha tu, kutoka kwa mtu kwenda kwenye kengele, na kutoka kwenye kengele kwenda kwenye kadi ya mtandao. Na kila mara mkesha huo umekuwa na gharama na mlipaji. Pwani ya Lindi pamoja na bara yake inafaa kwa uchunguzi huu kwa kuwa ni mahali ambapo umeme wa kudumu ulichelewa kufika. Gharama ambayo mahali pengine imefichika ukutani, nyuma ya soketi, hapa huonekana.

Mbiu, waya na mnong'ono

Kabla ya waya, mwito wa mbali katika nchi ya Waswahili ulikuwa sauti ya pembe. Mbiu ilipopigwa iliwafikia wote waliokuwa ndani ya mipaka ya sauti yake, nao wakaamka au wakaacha kazi zao ili wajue kuna nini. Methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo haisemi jambo hilo ni la nani. Kila msikiaji hupaswa kuamka kwanza, kisha apime mwenyewe kama linamhusu. Jambo hili ni la kuzingatiwa, kwa sababu ujumbe unaoamsha kompyuta leo bado hutumwa kwa mtindo wa mbiu: hutangazwa kwa vyombo vyote vilivyomo katika mtandao mmoja. Kilichobadilika ni kwamba jina la mwitwa limo ndani ya sauti yenyewe, na wasiohusika wanaweza kuendelea kulala.

Waya ulifika kwa hatua. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari iliunganisha Zanzibar na Aden kwa upande mmoja na Msumbiji na Afrika ya Kusini kwa upande wa pili. Mwaka 1890 kebo nyingine ilivushwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, na kabla ya mwaka 1905 serikali ya Kijerumani ilikuwa imeshasimamisha nguzo za telegrafu kuelekea kusini hadi Kilwa na Lindi. Lugha iliupokea waya huo kwa neno lenye asili ya Kiajemi, simu, ambalo maana yake ya kwanza ni waya. Ndiyo maana redio ilipokuja baadaye iliitwa simu ya upepo, jina ambalo kwa asili yake ni sawa na kusema waya usiokuwa waya.

Telegrafu ilikwenda kasi, lakini haikumwamsha mtu yeyote aliyekuwa mbali na kituo chake. Ilihitaji karani aketiye karibu na chombo, mwenye sikio lililozoea mlio wake, na saa zake za zamu ndizo zilizokuwa saa za telegrafu. Ujumbe uliofika akiwa hayupo haukuwa umefika. Tena waya uliishia kwenye boma. Kutoka Lindi kwenda katika vijiji vya bara, ikiwamo nchi ya Nyangamara, ujumbe ulisafiri kwa miguu ya tarishi, na kasi ya mtandao mzima, uanzie Berlin au Dar es Salaam, kwa mtu wa kijijini ilikuwa ni kasi ya tarishi huyo.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1905. Vita ya Maji Maji ilipozuka mwezi Julai katika vilima vya Matumbi, kaskazini-magharibi ya Kilwa, habari za dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilikuwa zimekwisha kuenea kwa njia ya mnong'ono uliojulikana kama njwiywila, kutoka mtu hadi mtu na kijiji hadi kijiji, bila maboma kuelewa uzito wake. Wanahistoria wameijadili sana dawa yenyewe, na kwa haki; njia iliyoibeba inastahili uzito uo huo. Njwiywila haikuhitaji nguzo wala karani, kwa kuwa kila aliyeamshwa aligeuka kuwa mwamshaji wa jirani yake. Waya wa serikali ulishinda kwa mwendo, mnong'ono ulishinda kwa kufika. Katika muda wa wiki chache vita ilikuwa imefika bara ya Lindi.

Kengele ya usiku

Simu ya mdomo ndiyo iliyoleta hatua ya kwanza ya kuupunguza mkesha wa mtu. Katika mabao ya kuunganishia simu yaliyotumika duniani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, mpigaji alipozungusha mkono wa simu yake, umeme aliouzalisha uliangusha kijibamba kidogo mbele ya mwendeshaji, kikionyesha laini iliyoita. Mchana hilo lilitosha, kwani mwendeshaji alikuwa ameketi hapo akitazama. Usiku palihitajika kitu zaidi: kijibamba kilipoanguka kilifunga saketi nyingine iliyopiga kengele. Mwendeshaji aliweza kusinzia. Kilichokesha badala yake ni kijibamba kilichoning'inia, na kukesha kwake hakukutumia umeme wowote mpaka mwito ulipokuja. Kwa mtazamo wa matumizi ya nishati, chombo hicho cha shaba na chuma kilikuwa na nidhamu ambayo kompyuta za karne moja baadaye zilihangaika kuifikia.

Redio ilikuwa na shida kubwa zaidi, maana hakuna laini ya kuangushia kijibamba. Hewani sauti zote zimechanganyika. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli Titanic ilipogonga barafu, meli Californian ilikuwa jirani kuliko Carpathia iliyokwenda kuokoa, lakini mwendeshaji wake pekee wa redio alikuwa amekwisha kufunga mitambo na kulala. Hakuvunja kanuni yoyote. Kanuni ndiyo iliyomruhusu kulala. Baada ya msiba huo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuajiri watu zaidi ili sikio la mtu liwepo saa 24, na meli kubwa zililazimishwa kufanya hivyo. Ya pili, iliyotumika kuanzia miaka ya 1920 kwa meli ambazo wenyewe hawakutaka kulipa mishahara ya waendeshaji watatu, ilikuwa chombo cha kusikiliza chenyewe.

Chombo hicho hakikuelewa maneno. Kilitambua mpangilio mmoja tu: mistari 12 mirefu ya kimosi, kila mmoja wa sekunde 4, ukifuatwa na kimya cha sekunde 1, jumla dakika moja kamili. Mistari mitatu au minne mfululizo yenye urefu sahihi ilipopokewa, kengele ililia chumbani kwa mwendeshaji na kwenye daraja la meli. Mpangilio ulichaguliwa kwa sababu hauwezi kutokea kwa bahati: hakuna radi wala maandishi ya kawaida ya kimosi yanayofanana nao. Wahandisi wa kompyuta walipokabiliwa na tatizo lilo hilo katika miaka ya 1990, jibu lao lilikuwa la namna moja, yaani mpangilio unaorudiwarudiwa, mgumu kutokea kwa bahati, unaotambuliwa na kitu kidogo kisicho na akili.

Huku bara, namna nyingine ilitumika kwa miongo mingi. Hospitali za misheni, vituo vya polisi na ofisi za wanyamapori nchini Tanzania ziliwasiliana kwa redio kol, na pale ambapo betri za gari ndizo zilizotoa umeme, redio haikuachwa wazi mchana kutwa. Watu walipatana saa. Asubuhi kwa saa iliyokubaliwa kila kituo kiliwasha, kikaitwa kwa jina lake, kikajibu, kikapokea habari zake, kikazima. Aliyekosa saa hiyo alisubiri saa inayofuata. Huu ni usingizi wa mapatano: hakuna anayekesha, lakini wote huamka kwa pamoja kwa muda mfupi. Msomaji akumbuke utaratibu huu, kwa kuwa ndio uliomo ndani ya kila kadi ya mtandao usiotumia waya.

Baiti 102

Kompyuta zilipoanza kuwekwa kwa wingi katika ofisi za Marekani na Ulaya, waajiri walikutana na gharama mbili zilizogongana. Mashine zilizoachwa zikiwaka usiku zilikula umeme. Zilizozimwa hazikuweza kutengenezwa na mafundi usiku, wakati wafanyakazi hawapo. Mwaka 1995 kampuni ya AMD ilichapisha maelezo ya teknolojia iliyoiita Magic Packet, na mwaka 1997 ushirikiano wa IBM na Intel uliiingiza katika mpango wao wa usimamizi wa kompyuta kwa jina la Wake-on-LAN. Pakiti yenyewe ni sahili mno. Huanza na baiti 6 ambazo biti zake zote ni moja, kisha hufuata anwani ya maunzi ya kadi inayoitwa, yenye baiti 6, ikirudiwa mara 16. Jumla ni baiti 102. Kadi ya mtandao haihitaji kuelewa kilichotangulia wala kinachofuata. Hutafuta mfuatano huo tu, na ikiuona hugusa waya wa kuwashia mashine.

Ili kadi iweze kutafuta, ni lazima iwe na umeme. Kompyuta za mezani za wakati huo zilikuwa zimeanza kutumia kigawaumeme cha muundo wa ATX, ambacho hutoa volti 5 za akiba hata mashine inapokuwa imezimwa, mradi waya wake umo ukutani. Mwanzoni kadi iliunganishwa na ubao mama kwa kijiwaya cha pekee. Baadaye umeme huo ulipitishwa katika nafasi yenyewe inayochomekwa kadi. Hapa ndipo dhana ya kimya ya teknolojia hii inapoonekana: umeme wa ukutani upo usiku kucha, kila usiku. Katika ofisi za New York dhana hiyo haikuhitaji kutajwa. Mkoani Lindi haikuwa kweli. Lindi na Mtwara zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikitegemea jenereta za dizeli, na hata gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzalisha umeme mjini Mtwara mwaka 2007, vijiji vingi vya bara vilikuwa havijapata nguzo. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi huwa hazirudii hali ya kusikiliza mpaka mtu aziwashe tena kwa mkono angalau mara moja. Kwa hiyo hata pale palipokuwa na kompyuta na waya wa mtandao, kukatika kwa umeme mara moja usiku kulitosha kuifanya mashine iwe kiziwi.

Ikumbukwe pia kwamba kompyuta zenyewe zilichelewa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na vizuizi hivyo vililegezwa baada ya muda mrefu. Wakati Magic Packet inabuniwa, ofisi nyingi za wilaya kusini mwa nchi zilikuwa zikitumia taipureta, chombo kisicholala wala kuamka.

Kulala bila waya

Kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, kusikiliza ni kazi nyepesi: waya umechomekwa, na chochote kinachopita kitafika kwenye kadi. Kompyuta mpakato isiyotumia waya imo katika hali tofauti kabisa. Haina kiunganisho kinachobaki chenyewe. Uhusiano wake na ruta ni mapatano ambayo lazima yatunzwe, na kuyatunza ni kazi.

Mapatano hayo yamo katika kanuni za IEEE 802.11 zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Ruta hutoa tangazo fupi mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 102.4. Ndani ya tangazo hilo mna orodha ya vyombo vilivyolala ambavyo vina mizigo inayowasubiri. Chombo kinachotunza nishati huizima redio yake kati ya tangazo na tangazo, huiwasha kwa wakati uliopatanwa, husoma orodha, na kisipoona jina lake hulala tena. Matangazo kwa wote, ambayo Magic Packet kwa kawaida ni mojawapo, hutolewa baada ya baadhi tu ya matangazo hayo, kwa hesabu inayopangwa na ruta. Ni utaratibu wa redio kol, isipokuwa saa ya kukutana haiji asubuhi na jioni. Huja mara kadhaa katika kila sekunde, usiku kucha, kwa betri.

Kisha kuna kufuli. Mtandao uliolindwa kwa WPA2, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2004, hufunga matangazo kwa wote kwa ufunguo wa pamoja, na ruta huubadilisha ufunguo huo mara kwa mara. Kompyuta iliyolala ikiukosa ufunguo mpya itaendelea kusikia mawimbi lakini haitayaelewa, na pakiti ya kuiamsha itapita kama lugha ya kigeni. Kwa sababu hiyo kadi ya kisasa inapaswa kufanya mambo matatu peke yake huku kichakataji kikuu kimelala: kuhudhuria matangazo, kupokea funguo mpya, na kujibu ruta inapouliza kama anwani fulani ingalipo. Kadi za kwanza hazikuweza lolote kati ya hayo. Mashine ilipolala, redio nayo ilikatiwa umeme. Mabadiliko yalikuja mwaka 2009, mfumo wa Windows 7 ulipoziruhusu kadi kubeba kazi hizo, na Apple nayo ilipotoa toleo la 10.6 la mfumo wake. Linux ilifuata mwaka 2011.

Njia ya Apple inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ilikiri wazi jambo ambalo wengine walilificha. Kompyuta ilipokaribia kulala iliikabidhi ruta ya kampuni hiyo orodha ya huduma zake. Ruta iliwajibu wengine kwa niaba ya aliyelala, na ilimwamsha pale tu palipokuwa na haja ya kweli. Ruta ndiyo iliyokesha, na ruta iko ukutani.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la afisa wa Dar es Salaam. Pakiti ya mbiu haivuki mipaka ya mtandao wake. Zamani ruta ziliruhusu mtu wa nje kutuma tangazo kwa mtandao mzima wa mbali, lakini katika miaka ya mwisho ya 1990 wahalifu waliutumia mlango huo kuzielemea kompyuta za wengine kwa mafuriko ya majibu, na mwaka 1999 wasanifu wa intaneti walielekeza kwamba mlango huo ufungwe isipokuwa pale mwenye ruta atakapoufungua kwa makusudi. Uamuzi ulikuwa sahihi. Matokeo yake ni kwamba mwito kutoka mbali lazima upokewe kwanza na kitu kilicho macho ndani ya mtandao wa Nyangamara, iwe ruta, kompyuta nyingine au simu, nacho ndicho kitakachopiga mbiu ya ndani. Pale ambapo intaneti yenyewe hutoka kwenye simu ya mkononi ya mwalimu au mganga, na simu hiyo huondoka na mwenyewe jioni, hakuna kitu kilichobaki cha kuupokea mwito.

Betri ya mtoto na mtambo wa jua

Afrika Mashariki ilipata kompyuta mpakato iliyobuniwa kwa mazingira haya hasa. Mradi wa One Laptop per Child, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005, ulizalisha kompyuta ya XO kuanzia mwishoni mwa 2007, na Rwanda, iliyoanza kuzigawa shuleni mwaka 2008, ilipata zaidi ya 200,000. Wasanifu wake walifikiri kwa kina juu ya usingizi. Chipu ya redio ya toleo la kwanza ilikuwa na kichakataji chake yenyewe, hivyo iliweza kubaki macho huku kompyuta imelala, ikaiamsha palipokuwa na haja, na zaidi ya hapo ikaendelea kupitisha pakiti za kompyuta za jirani. Kijiji kizima kingekuwa mtandao bila nguzo hata moja, kila mtoto akiwa kiungo kwa mwenzake.

Kwa mtazamo wa historia iliyoelezwa hapa, hiyo ilikuwa njwiywila ya kielektroniki, na ndiyo sehemu ya muundo wa XO iliyokuwa na ujasiri mkubwa kuliko zote. Lakini ilibeba swali ambalo halikujibiwa. Betri ya mtoto aliyelala ilipungua kwa ajili ya ujumbe wa mtoto mwingine. Asubuhi, pale ambapo nyumbani hakuna umeme, nani alipaswa kulipa chaji hiyo? Toleo la XO-1.5 lilitumia chipu nyingine ya redio isiyoweza kupitisha pakiti za wengine peke yake katika usingizi. Mtandao wa jirani kwa jirani uliachwa bila mjadala mkubwa, na hasara hiyo haijapewa uzito unaostahili katika tathmini za mradi, ambazo zimejikita zaidi katika alama za mitihani.

Chombo kilichofaulu kuamshwa kwa mbali vijijini kilikuwa simu ya mkononi. Simu ya GSM iliyomo mfukoni nayo hulala. Huamka kila baada ya muda ulio kati ya takribani nusu sekunde na sekunde mbili, husikiliza kama namba yake imetajwa na mnara, na hulala tena. Mnara ndio unaokesha kwa kweli, na gharama ya mkesha wake, ambayo kwa miaka mingi sehemu za kusini ilikuwa lita za dizeli, hulipwa na kampuni na kurudishwa kwa mteja kidogokidogo ndani ya bei ya muda wa maongezi. Watumiaji waliielewa mantiki hiyo mapema kuliko wachumi. Kubipu, yaani kuita na kukata kabla ya kupokelewa, ni kutumia sehemu ya kuamsha, ambayo mtandao haukuitoza, na kuiacha sehemu ya kuzungumza, ambayo uliitoza.

Uwezo huo wa kuamsha una upande wa pili. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza nchini Kenya kuuza kwa mkopo mitambo midogo ya umeme wa jua yenye laini ya simu ndani yake. Malipo yakifika, mtambo hupokea ruhusa na taa huwaka. Yakichelewa, mtambo hufungwa kutoka mbali, ingawa jua linaendelea kuupiga. Familia nyingi zimepata mwanga kwa njia hiyo ambazo zisingeweza kununua mtambo kwa fedha taslimu, na faida hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo ni lazima itambuliwe kuwa mwenye uwezo wa kukiamsha chombo kwa mbali ana uwezo pia wa kukilaza, na kwamba katika mapatano haya chombo kipo nyumbani kwa mmoja huku usingizi wake ukiamuliwa na mwingine. Magic Packet ya mwaka 1995 haina hata neno la siri la lazima: yeyote aliyemo katika mtandao na anayeijua anwani ya kadi anaweza kuiamsha mashine. Wasanifu wake hawakuona hatari, kwa sababu walidhani mwamshaji na mwenye mashine ni mwajiri yule yule.

Maswali haya mawili, la gharama na la mamlaka, hayajaisha kwa maendeleo ya karibuni. Mwaka 2021 IEEE ilipitisha kanuni ya 802.11ba, inayoweka ndani ya chombo redio ya pili, ndogo, isiyofanya kazi nyingine isipokuwa kungoja mwito, kwa matumizi yaliyokusudiwa kuwa chini ya miliwati 1. Ni kurudi kwa kijibamba cha bao la simu: kitu kidogo kinachongoja karibu bila gharama. Redio hiyo hupunguza kazi ya betri ya kompyuta, lakini haiondoi haja ya ruta iliyo macho upande wa pili, wala ya umeme wa ruta hiyo.

Ofisi ya kata, shule au zahanati ya Nyangamara ikitaka kompyuta yake iweze kuamshwa kutoka makao makuu ya halmashauri, itahitaji kwa uchache ruta inayobaki ikiwaka usiku kwa umeme wa gridi au wa jua wenye betri ya akiba, laini ya intaneti iliyo ya ofisi na isiyo ya mtumishi mmoja, chombo kidogo ndani ya mtandao huo cha kupokea mwito kwa njia iliyofungwa na kuupiga upya kwa ndani, na mtu aliyepewa mamlaka ya kusema saa ngapi mashine inaweza kuamshwa na nani. Bajeti za vifaa vya tehama kwa kawaida hutaja bei ya kompyuta. Ruta huingizwa kama nyongeza, na umeme wa usiku hautajwi. Matokeo yake ni kwamba afisa aliyeko mbali huacha pakiti zake, hupiga simu ya mkononi, na simu hiyo, ambayo mnara umeikeshea, humwamsha mwalimu wa zamu. Mwalimu huwasha taa, huenda ofisini, na huinua kifuniko.